Gulu hadi Arua: kilomita 153 angani, 250 barabarani, 680 kwa tiketi

KAMPALA. Katika eneo la Arua Park katikati ya jiji la Kampala, mizigo ya kwenda kaskazini hupangwa kwa namna mbili tu. Kuna ile ya upande wa Arua, inayoelekea Vurra, Ariwara na miji ya mashariki mwa Kongo. Kuna na ile ya upande wa Gulu, inayoelekea Elegu, Nimule na Juba. Magodoro, sabuni, mafuta ya kupikia, vipuri vya pikipiki na marobota ya nguo hupakiwa kwenye mabasi na malori, na kila moja hushika njia yake.

Mfanyabiashara anayeuza pande zote mbili hujikuta na swali ambalo karani wa basi hawezi kumjibu. Akiwa Gulu na soko la Elegu likikwama ghafla, atafikaje Arua kwa haraka ili aokoe mzigo au mtaji wake? Gulu kuna uwanja wa ndege. Arua pia kuna uwanja wa ndege. Kwenye ramani miji hiyo miwili inaonekana kama majirani. Lakini umbali kati ya viwanja hivyo viwili hubadilika kulingana na njia anayoifuata msafiri, na tofauti yake inaweza kula faida ya safari nzima.

Hesabu ya ramani

Uwanja wa Gulu uko takriban nyuzi 2.81 kaskazini mwa ikweta na nyuzi 32.27 mashariki. Uwanja wa Arua uko takriban nyuzi 3.05 kaskazini na nyuzi 30.91 mashariki. Karibu na ikweta, kama ilivyo Uganda, nyuzi moja ya ramani ni sawa na kilomita 111 hivi, iwe unaelekea kaskazini au mashariki. Ndiyo maana mtu yeyote mwenye simu yenye kikokotoo anaweza kufanya hesabu hii mwenyewe.

Tofauti ya kaskazini ni nyuzi 0.24, yaani kilomita 27. Tofauti ya mashariki na magharibi ni nyuzi 1.36, yaani kilomita 151. Mstari mnyoofu unaounganisha viwanja hivyo ni kilomita 153 hivi. Marubani, ambao hupima kwa maili za baharini, husema ni maili 83, kwa kuwa maili moja ya aina hiyo ni kilomita 1.852.

Ndege ndogo ya injini moja aina ya Cessna Caravan, ambayo ni ya kawaida katika viwanja vidogo vya Afrika Mashariki, huruka kwa kasi ya takriban kilomita 300 kwa saa. Kwa kasi hiyo, Gulu hadi Arua ni nusu saa angani. Ukiongeza muda wa kuruka, kutua na kuegesha, safari nzima ya ndege haizidi sana dakika 40.

Barabara inavyozunguka

Barabarani mambo ni tofauti. Kutoka Gulu, gari hushika njia ya kusini magharibi kupitia Anaka hadi Olwiyo, kipande cha kilomita 70.3 ambacho sasa kina lami. Kutoka Olwiyo huelekea Pakwach, huvuka daraja la Nile ya Albert, kisha hupanda kwenda Nebbi na kufika Arua. Safari yote inakaribia kilomita 250. Kwa kila kilomita 10 ambazo ndege ingeruka, gari hutembea 16.

Kabla ya lami ya Olwiyo, madereva wengi walishuka kwanza hadi Karuma, wakaingia barabara kuu ya Pakwach, na safari ikawa zaidi ya kilomita 300. Kwa hiyo barabara hiyo imewapunguzia wafanyabiashara wa Gulu na Arua mzunguko wa kilomita 60 hivi. Ni unafuu mkubwa kwa mwenye lori, ingawa haukutajwa sana mijini.

Sababu ya mzunguko uliobaki ni maji. Nile ya Albert hukatiza kati ya Acholi na West Nile kutoka ziwani hadi mpaka wa Sudan Kusini, na katika urefu wote huo kwa upande wa Uganda daraja la magari ni moja, la Pakwach. Kwingine ni vivuko, kama kile cha Laropi kinachounganisha Adjumani na Moyo. Anayetaka kwenda Arua akitokea Gulu lazima ateremke kusini hadi darajani, kisha arudi tena kaskazini. Ndege haina habari na daraja.

Kumbukumbu ya mwaka 2024

Wafanyabiashara wa Kampala walilipia somo la madaraja mwaka 2024. Daraja la Karuma, lililofunguliwa mwaka 1963, ndilo mlango wa kaskazini: hapo ndipo mabasi na malori ya Kampala huvuka Nile ya Victoria kwenda Gulu, Arua na Lira. Mwezi Mei mwaka huo mamlaka ya barabara ya wakati huo, UNRA, ililifunga kwa malori na mabasi kwa sababu ya uchakavu. Kuanzia mwishoni mwa Septemba lilifungwa kwa magari yote kwa ajili ya ukarabati, na likafunguliwa tena Desemba.

Kwa miezi hiyo, njia zilikuwa tatu na hakuna iliyokuwa fupi. Magari madogo ya Arua yalielekezwa Masindi na kukatiza mbuga ya Murchison Falls kupitia daraja la Paraa hadi Pakwach. Mengine yalipitia Masindi Port na Apac. Malori mazito yalizunguka mashariki kupitia upande wa Soroti na Lira. Mzunguko huo wa mwisho uliongeza mamia ya kilomita za mafuta na siku za kusubiri kwa mwenye duka la Arua au Ariwara.

Kisha, Novemba mwaka huo huo, maji ya Nile yalipanda na kufunika barabara eneo la Tangi, karibu kabisa na Pakwach. Watu waliokuwa wamekwepa Karuma kwa kupitia mbugani wakakuta maji mbele yao. Kwa muda, West Nile ilikuwa kama kisiwa, na mfanyabiashara aliyekuwa Gulu hakuweza hata kutumia njia fupi ya Olwiyo, kwa sababu njia zote hizo huishia kwenye daraja moja.

Hapo ndipo swali la viwanja vya ndege lilipoacha kuwa la wakubwa na watalii. Kilomita 153 za angani zilikuwa zile zile, mvua inyeshe au daraja lifungwe.

Kwa nini tiketi ni kilomita 680

Tatizo ni kwamba usafiri wa ndege wa ndani nchini Uganda umejengwa kama spoku za baiskeli. Kitovu ni Entebbe, pamoja na uwanja mdogo wa Kajjansi ulio kando ya barabara ya Kampala kwenda Entebbe. Ndege hulala huko, mafundi wako huko na mafuta yako huko. Safari huanzia huko kwenda mikoani na kurudi huko. Abiria wa kawaida asiye na ndege ya kukodi, akitaka kwenda Arua kwa ndege akitokea Gulu, hutakiwa kurudi kitovuni kwanza.

Hesabu ya mzunguko huo ni hii. Gulu hadi Entebbe ni kilomita 306 kwa mstari mnyoofu. Entebbe hadi Arua ni kilomita 374. Jumla ni kilomita 680, mara nne na zaidi ya umbali halisi kati ya viwanja hivyo viwili. Kwa Caravan, hizo ni saa mbili na robo angani, bila kuhesabu muda wa kusubiri Entebbe, ambao unaweza kuwa saa chache au usiku mzima kulingana na ratiba.

Gari likitembea vizuri, kilomita 250 za barabara huchukua saa nne hadi tano. Maana yake ni kwamba mwenye tiketi mbili za ndege anaweza kufika Arua nyuma ya mwenzake aliyepanda gari asubuhi hiyo hiyo, tena akiwa ametumia pesa nyingi zaidi. Barabara ikiwa wazi, ndege kupitia Entebbe haimsaidii mfanyabiashara. Barabara ikifungwa, inaweza kuwa njia pekee.

Hata kwa safari ya Kampala hadi Arua, faida ya ndege ni ndogo kuliko inavyosemwa. Basi huchukua karibu kilomita 500 na mara nyingi husafiri usiku, hivyo abiria hulala ndani na kuamkia sokoni. Ndege hutumia saa moja na robo, lakini msafiri anatakiwa kutoka katikati ya jiji hadi Entebbe, kiasi cha kilomita 40, afike mapema, akaguliwe, asubiri. Barabara ya kasi ya Entebbe, iliyofunguliwa mwaka 2018 na kuanza kutozwa ada mwaka 2022, imepunguza muda huo, ila haijauondoa. Safari ya mlango hadi mlango huwa nusu ya siku.

Gharama ya ndege ya kukodi

Wapo wafanyabiashara ambao huulizia ndege ya kukodi moja kwa moja kutoka Gulu hadi Arua, wakidhani watalipia nusu saa. Mwenye ndege hahesabu hivyo. Ndege yake iko Entebbe au Kajjansi. Lazima iruke kilomita 306 ikiwa tupu hadi Gulu, ichukue abiria kilomita 153 hadi Arua, kisha irudi kilomita 374 bila mtu. Jumla ni kilomita 833, karibu saa tatu za injini, na zote hulipwa na yule aliyeikodi.

Ili kukadiria gharama, chukua bei ya saa moja ambayo kampuni imekutajia, zidisha kwa saa zote za mzunguko, kisha gawanya kwa idadi ya watu mtakaosafiri. Mtu mmoja ataona hesabu haiendi. Watu tisa wenye haraka moja wanaweza kuona inakaribia, hasa ikiwa mzigo uliokwama una thamani kubwa. Na iwapo ndege tayari ina safari ya kwenda Gulu au kurudi kutoka Arua siku hiyo, mkodishaji mwenye busara huuliza hilo kwanza, kwa sababu kipande kilicholipiwa na mwingine hakitakiwi kulipiwa mara ya pili.

Mzigo nao una mpaka wake. Caravan hubeba tani moja hivi ikiwa na mafuta ya kutosha, pamoja na abiria. Katika safari za ratiba za ndege ndogo, abiria mara nyingi huruhusiwa kilo 15 tu za mizigo, tena katika mfuko laini. Hapo hakuna nafasi ya robota la vitenge. Kinachofaa kupanda ndege ni kile ambacho kilo yake moja ina thamani kubwa au ambacho kuchelewa kwake kunasimamisha kazi: kipuri cha mashine ya kusaga, dawa, hati za forodha zenye mhuri wa asili, au mwenye mali mwenyewe anapohitajika mpakani kutia sahihi. Vingine vyote ni vya lori.

Viwanja viwili, tabia mbili

Gulu na Arua zote zilipandishwa kuwa majiji Julai 2020, na viwanja vyake vyote viwili viko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda. Lakini havifanani. Gulu ina njia ya kurukia yenye lami na urefu wa zaidi ya kilomita tatu, inayotosha ndege kubwa. Arua ina njia fupi zaidi, ya mita 1,700 hivi, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ya changarawe.

Ajabu ni kwamba wenye njia fupi ndio waliozoea abiria wengi. Kwa muda mrefu Arua ilihesabiwa kuwa uwanja wa pili kwa shughuli nchini baada ya Entebbe. Sababu ilikuwa vita. Katika miaka ya uasi wa LRA, barabara ya Karuma hadi Pakwach ilikuwa ya kuviziwa, na magari yalivuka kwa misafara iliyosindikizwa na wanajeshi. Mwenye duka la Arua aliyeweza kulipa alipanda ndege. Kampuni ya Eagle Air, iliyoanzishwa mwaka 1994, ilijulikana West Nile kwa safari zake za Entebbe na Arua.

Amani iliporudi kaskazini baada ya mwaka 2006 na lami ikasogea, wengi walirudi kwenye mabasi. Pesa kwa simu nazo, zilizoingia Uganda mwaka 2009, ziliondoa sababu nyingine ya kuruka: hakuna tena haja ya mtu kubeba noti kwenye begi hadi Arua ili kulipia mzigo.

Kwa mwenye biashara ya kuvuka mpaka, jambo la maana zaidi ni kwamba Gulu na Arua ni miongoni mwa viwanja vya mikoani vilivyotangazwa kuwa milango ya kuingia na kutoka nchini. Kwa sheria, ndege inaweza kutoka hapo kwenda nchi jirani bila kupitia Entebbe kwanza, mradi maafisa wa uhamiaji na forodha wawepo. Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016 na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikafuata mwaka 2022. Kwenye karatasi za Jumuiya, Arua haiko tena pembezoni. Imezungukwa na wanachama.

Kwingine njia fupi zinaishi

Umbali mfupi peke yake hauzuii safari za ndege. Kati ya Dar es Salaam na Zanzibar ni kilomita 75 hivi, nusu ya Gulu na Arua, na ndege ndogo huruka mara nyingi kila siku kwa dakika 20 hivi, ingawa kuna boti za kasi. Katika visiwa vya Orkney huko Scotland, kampuni ya Loganair imekuwa ikiruka kati ya Westray na Papa Westray tangu mwaka 1967, umbali wa kilomita 2.7 tu, safari inayomalizika kwa dakika mbili au pungufu.

Tofauti ni nini? Dar es Salaam na Zanzibar zina watalii na wafanyabiashara wa kujaza viti kila saa. Orkney ina serikali inayochangia nauli kwa sababu wakazi wa kisiwa wanahitaji daktari na mwalimu. Gulu na Arua hazina hili wala lile kwa sasa. Ndege ya kwanza inaweza kujaa wiki ambayo daraja limefungwa, kisha ikakaa tupu wiki ambayo basi linapita. Mwenye ndege hawezi kuishi kwa kusubiri maafa.

Kinachoweza kubadilisha hesabu hiyo ni safari ya mzunguko: ndege moja inayotoka Entebbe, ikatua Gulu, ikaendelea Arua, kisha ikarudi Entebbe. Ni kilomita zile zile 833, lakini kila kipande kina abiria wake wa kulipa. Wa Gulu wanashuka, wa Arua wanapanda, na kile kipande cha kilomita 153 kinauzwa kwa bei ya nusu saa badala ya saa tatu. Vyama vya wafanyabiashara vinavyoweza kuonyesha kampuni orodha ya wasafiri wa uhakika, hata mara moja kwa wiki, vina hoja nzuri zaidi ya kuipeleka mezani kuliko malalamiko.

Kabla ya kukimbilia upande wa pili

Machi na Aprili 2021, madereva wa malori waliegesha magari Elegu na kukataa kuingia Sudan Kusini baada ya wenzao kuuawa katika barabara za kwenda Juba. Elegu pia imewahi kuzama kwa maji ya Mto Unyama. Nyakati kama hizo, mawazo ya wengi wenye mzigo Gulu hugeukia Arua, Vurra na soko la Ariwara. Kabla ya kugeuza lori au kununua tiketi, mambo manne yanahitaji kuangaliwa.

Kwanza, daraja la Pakwach na barabara ya Tangi. Simu moja kwa dereva aliyepita jana ina thamani kuliko ramani.

Pili, karatasi. Mzigo ulioandikiwa Juba hauwi wa Kongo kwa kubadilisha barabara. Tamko la forodha lazima lirekebishwe, na ni nafuu kulifanya Gulu kuliko kugombana Vurra. Kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya huruhusu cheti kifupi cha asili ya bidhaa mpakani. Ulizia kama kinapokelewa upande wa pili kabla ya kufungua maturubai.

Tatu, muda. Gari saa nne hadi tano barabara ikiwa wazi. Ndege kupitia Entebbe ni siku nzima au zaidi. Ndege ya kukodi ni dakika 40 kwa bei ya saa tatu.

Nne, nani hasa anatakiwa kusafiri. Mara nyingi mzigo unaweza kubaki salama Gulu, na anayetakiwa Arua ni mtu mmoja wa kuongea na wanunuzi. Mtu huyo akitoka Gulu alfajiri kwa gari anafika kabla ya saa sita mchana, anauza kwa neno, na lori linafuata likiwa na mnunuzi anayesubiri.

Kwa sasa, hiyo ndiyo njia ambayo wengi wa Arua Park wanaifuata. Reli ya zamani ya Tororo, iliyofika Pakwach mwaka 1964 na kupita Gulu, ingeweza siku moja kuwapa njia nyingine ya kusogeza mzigo mzito, lakini mipango ya kuifufua imelenga kufika Gulu, na kipande cha Gulu hadi Pakwach bado kimelala majanini. Mpaka ama reli au ndege ya mzunguko ipatikane, miji hii miwili itaendelea kuunganishwa na kilomita 250 za lami na daraja moja juu ya Nile.